Korongo wa Shamba la Mbeyu

Bondeni, Garsen,
Tarehe 9 Septemba, 1957.

Kwa dada yangu mpenzi Mbeyu,
Hospitali ya Ngao, kitanda cha karibu na dirisha.

Dada, pokea salamu zangu, nyingi kama mbu wa bonde letu jua likizama, na wewe wajua kwamba hao hakuna aliyewahi kumaliza kuwahesabu, hata mimi. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, si umelala, na kwamba mfupa unaendelea kuunga ndani ya hiyo plasta. Yule mwenye mtumbwi wa Kau alituambia kwamba sasa watembea kwa magongo mawili hadi mlangoni na kurudi, na kwamba umeanza kuwagombeza wanaokupangusia kitanda. Mama aliposikia hilo la kugombeza aliinua mikono juu akasema Mungu ashukuriwe, amepona. Huku sisi sote tu wazima. Mama akusalimu sana. Binti yako akusalimu, jino lake la mbele limeng'oka, na ataka ujue kwamba hakulia, ingawa alilia.

Baada ya salamu, ninalo tangazo. Kama umelala, keti. Kama umeketi, shika ukingo wa kitanda. Mimi Jillo, nikiwa na akili zangu zote, mbele ya mama aliye shahidi na mbuzi wawili wasiojali, natangaza rasmi kwamba ungo wa Nyevu umepatikana.

Naam, ule ule. Ungo uliokunyamazisheni wewe na jirani yako kwa miaka minne, uliopelekwa mbele ya Mzee Hiribae mara mbili, ukaapiwa, ukaliliwa, na kusababisha uikate pale mpakani kamba ya mikebe ya kufukuzia ndege iliyounganisha mashamba yenu. Umepatikana wapi, na hali yake ikoje, nitakueleza mahali pake. Usiruke mistari. Nakujua.

Kwanza niseme neno la shukrani, maana nikishaanza habari za ndege nitalisahau. Mwaka jana waliponiondoa kazini pale kivukoni, wewe peke yako hukucheka. Kazi yenyewe ilikuwa kuvuta kamba ya feri na wenzangu, tukiimba, na niliipenda. Lakini siku ile furukombe alishuka mbele ya macho yetu akanyanyua kambare aliyekaribia kumshinda uzito, nami nikaachia kamba ili nione anampeleka wapi. Wenzangu wawili wakageuka kuniangalia mimi. Feri ikazunguka katikati ya mto, na juu yake lori moja na bwana mkubwa mmoja mwenye haraka. Msimamizi aliponiuliza sababu nilimwambia ukweli, na ni ukweli ulionifukuzisha. Garsen nzima ikaniita Bwana Furukombe. Wewe ulinipa sahani ya wali, ukangoja nimalize, kisha ukaniuliza alimpeleka wapi. Nikasema kwenye mgunga mkavu ng'ambo ya mto. Ukasema haya, angalau uliona. Juma lililofuata ukapeleka kuku dukani kwa Diriye, ukarudi na daftari na penseli mbili, ukasema kama kichwa changu kimejaa ndege basi niwatoe niwaweke mahali. Dada, sijawahi kupewa kitu kikubwa kuliko hicho, na sikukwambia siku ile kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa wali.

Kwa hiyo ulipoteleza kwenye ngazi ya dungu letu la kulindia mpunga, ukawa unalazwa mtumbwini kupelekwa Ngao, ukanishika mkono na kusema, “Jillo, mikebe isinyamaze,” nilijibu haitanyamaza, na nilikusudia hivyo kwa moyo wangu wote. Sote wawili tulijua unachokiogopa. Bondeni kwetu Mzee Hiribae ana sheria moja tu ambayo hajapata kuilegeza: mpunga ukiwa na maziwa, shamba ambalo mikebe yake imenyamaza siku tatu mwenyewe amelitupa. Ndege wake wamekuwa mzigo wa jirani, basi jirani alichukue. Alimnyang'anya shamba hata mdogo wake mwenyewe. Na jirani yetu wa pekee ni Nyevu. Shamba la marehemu shemeji, chakula cha mama na cha mtoto, mbegu ya mwakani, vyote vilikuwa vimening'inia kwenye kamba moja yenye mikebe thelathini ya kutu, kila mmoja na kijiwe chake tumboni.

Majuma mawili ya kwanza niliamia ndege kama mtu mwenye akili zake. Kabla ya jua kuchomoza niko juu ya dungu, navuta kamba, napiga mayowe, narusha madonge ya udongo kwa kombeo. Nyevu naye juu ya dungu lake, hatua kama sitini hivi kutoka letu, avuta yake na kuimba nyimbo zao za Kigiriama, uso ameupa upande wa pili. Nilimwamkia kila asubuhi. Kila asubuhi aliitikia akimtazama mbuzi wake.

Kosa ni la marehemu shemeji, Mungu amweke pema, aliyejenga dungu likatazama ziwa.

Twaliita ziwa, lakini wewe wajua ni ziwa la kuazima. Nusu ya mwaka ni uwanja wa nyasi kavu na nyufa za kumeza mguu wa ndama. Ng'ombe wa Waorma hulipita wakitimua vumbi, na kanga hukimbizana chini ya miti ya mswaki kana kwamba kuna mahali pa kwenda. Mto ukifurika maji yaingia kwa mfereji wa zamani, na baada ya siku kumi uwanja umekuwa mji. Nani huwapelekea habari hao ndege, sijui. Mwaka huu, wa kwanza kufika walikuwa bata bukini, wawili wawili, wakigombana kama watu waliofika arusini kabla ya chakula. Wakaja yangeyange, ambao hawafuati maji, wafuata panzi wanaoyakimbia maji. Kila mtu akashika chumba chake. Penye kina kuna mwari, huvua kwa pamoja wamejipanga nusu duara, sawasawa na wanaume wa Kau na wavu wao wa jarife, ila mwari hawatukanani. Penye tope kuna vile vindege vya miguu kama vijiti ambavyo hupiga kelele za kuonewa kabla hujavikosea. Juu ya yungiyungi hutembea kile chekundu chenye vidole virefu, kikikanyaga jani baada ya jani bila kuzama, na hicho, dada, dume ndiye huatamia mayai na kulea watoto. Jike hupita mara mojamoja kuangalia kama kazi yaendelea. Nilimweleza mama. Alifikiri kidogo, akasema basi ndege huyo ameendelea kuliko Garsen.

Ndani ya migunga iliyosimama majini, kulasitara na minandi wamejenga ghorofa juu ya ghorofa, na wa juu huwanyea wa chini bila kuomba radhi. Na upande wa mashariki yako matete, na humo ndimo hulala adui, kweleakwelea, wale wadogo wanaomaliza mpunga.

Hapo ndipo nilipoanza kutofautiana na bonde zima. Watu hurusha madonge kwa kila chenye bawa. Mimi nilikaa asubuhi moja nikamhesabia yangeyange mmoja ndani ya mpunga wetu: panzi arobaini na watatu, punje ya mpunga hata moja. Nikampelekea Mzee Hiribae ukurasa huo. Aliushika juu chini, akautazama kwa heshima kubwa, akanirudishia akisema kwamba yeye ajua jambo moja tu: kilicho na mabawa kina tumbo.

Nikaanza kushuka dungu kidogo kidogo, kwenda kuangalia viota karibu zaidi. Nilirudi upesi kila mara. Lakini upesi wa mtu aangaliaye ndege, si upesi wa watu wengine.

Sasa nakuja kwa korongo.

Mwezi wa saba nilimkuta kwenye kile kidimbwi cha chini ya dungu letu. Mweupe, mwenye wekundu kidogo mgongoni kama aliyeoshwa pamoja na kanga mpya, mdomo wa njano umepinda kwenye ncha, na uso mwekundu kama aliyetoka kupigwa kibao. Bawa la kushoto lilikuwa limelegea. Huenda ni donge la kombeo, na huenda kombeo lilikuwa langu. Sikuandika hilo daftarini. Hakuweza kuruka, lakini aliweza kula, na namna yake ya kula ndiyo iliyotuponza sote. Yeye si kama kulasitara, anayesimama kimya kama shahidi anayengoja kuitwa. Korongo huyu hutia mdomo majini ukiwa wazi, kisha hukoroga tope kwa mguu mmoja, huku na huku, kama mama akikoroga uji, na chura akishtuka hukimbilia mdomoni mwenyewe. Alifanya hivyo kutwa nzima. Nilimtazama kutwa nzima.

Jioni nilipata wazo. Kama lilikuwa la akili au la uvivu, mpaka leo sijui. Nilikata kitambaa laini kutoka shati langu, nikamfunga mguu ule anaokorogea, polepole, naye akanidonoa mara mbili tu, nikaunga ncha ya kamba yetu pale. Akatia mdomo majini. Akakoroga. Mikebe yote thelathini ikalia, kutoka kwenye dungu hadi kigingi cha mpaka.

Dada, katika barua zangu mbili za mwanzo nilikuandikia kwamba mikebe yetu hainyamazi tangu alfajiri hadi magharibi. Hilo lilikuwa kweli tupu. Nililoacha kuandika ni kwamba sikuwapo.

Nilikuwa ziwani, maji kiunoni, daftari juu ya kichwa. Nilisikia mikebe kwa mbali na moyo ukatulia. Tena nikaanza kuandika tabia za korongo kwa kuisikiliza mikebe. Ninayo hapa mbele yangu: “Huanza kazi kabla ya jua. Hupumzika jua likiwa kichwani, muda wa mtu kula sima. Hukoroga kwa nguvu zaidi Nyevu akiimba. Yaelekea apenda muziki. Siku ya soko huchelewa kuanza.” Niliona fahari. Nilidhani nimegundua mambo ambayo hakuna mtu aliyewahi kuyaandika juu ya ndege yeyote, na katika hilo la mwisho sikukosea.

Siku yenyewe ilikuja katikati ya mwezi wa nane, punje zikiwa bado na maziwa, laini za kuminywa kwa kucha. Nilikuwa ndani ya migunga, nimefika kiota cha sitini na moja, ziwa likanyamaza. Bata walinyamaza. Hata wale wa miguu ya vijiti walinyamaza, na hao hawanyamazi hata wakila. Kisha matete ya mashariki yakainuka. Ndivyo ilivyoonekana, dada, kama matete yenyewe yamesimama na kuondoka, wingu zima, na sauti yake ni ya mvua inayokuja juu ya makuti. Likageukia mashamba.

Nilikimbia. Kandambili moja iko ziwani hadi leo. Bonde zima lilikuwa likipiga madebe, sufuria, watoto wakilia, wanaume wakirusha kila kitu, na mimi nikikimbia nilikuona wewe tu, jinsi ulivyonishika mkono pale mtumbwini. Nilijua nimechelewa. Kutoka migunga hadi dungu letu si mbio za kuwashinda kweleakwelea.

Halafu nikaisikia mikebe yetu. Ililia kama arusi, ikakaza, haikupumua. Wingu lilishuka juu ya shamba letu likakaribia kugusa mashuke, likasita, likapinda kama shuka linalokung'utwa, likapita juu ya shamba la Nyevu ambako mikebe ililia vilevile, na kwenda zake upande wa chini. Mashamba mawili ya huko yalibaki mabua. Kwetu sikuona shuke lililoguswa. Nilifika nikihema, na korongo alikuwa pale kidimbwini, mdomo majini, akikoroga kana kwamba dunia haina habari yoyote.

Nilipiga magoti majini nikamshukuru ndege. Nisingekuandikia hili kama kungekuwa na mtu mwingine wa kukuandikia. Nikampa kambare mzima niliyekuwa nimemweka kwa chakula chetu cha jioni. Mama nilimwambia alinitoroka.

Jioni Mzee Hiribae alipita mashamba yote na watu nyuma yake. Alipofika kwetu alisimama, akachukua shuke akaliminya, akasema kwa sauti ya kusikika ng'ambo kwamba Mbeyu alijua alichokifanya alipomwacha mwanamume juu ya dungu. Watu wakanitazama. Diriye akanipa sukari ya karatasi nzima, bure. Hakuna aliyeniita Bwana Furukombe tangu siku hiyo. Nami sikumtaja korongo, dada. Niliinamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu.

Tukavuna. Siku ya pili ya mavuno akapita Qabale, yule Muorma aletaye maziwa kila asubuhi, njia ya juu ya tuta, nyuma ya dungu la Nyevu. Qabale ni mtu ambaye daftari langu halikumchekesha hata siku moja. Mumewe, Sora, hutazama jioni korongo wanaelekea wapi, na asubuhi huhamisha ng'ombe kuelekea huko, kwa hiyo kwao mtu mwenye kuangalia ndege si mwendawazimu, ni mchungaji asiye na ng'ombe. Aliketi kupumzika, vibuyu vyake kando. Wanawake walikuwa wakikata mpunga na kuimba. Nami, kwa kuwa siri nzuri isiyosimuliwa huchosha, nikamsimulia yote: kitambaa, mguu, mikebe, muziki, siku ya soko.

Alinisikiliza vizuri hadi mwisho. Kisha akaanza kucheka. Alicheka hadi akashika kibuyu kisianguke.

“Wewe, Jillo,” akasema, “jicho kwa ndege iko. Jicho kwa mtu hapana. Kamba ya ndege yako nakatika zamani sana. Mimi napita hapa kila siku, naona mguu. Mguu ya mama Nyevu.”

Nilimwambia hapana. Akasema, haya, nenda angalia.

Nilikwenda kidimbwini. Kitambaa cha shati langu kilikuwa bado mguuni mwa korongo, na kutoka kitambaa hicho ilining'inia kamba ya urefu wa mkono mmoja. Basi. Ncha ya pili ilikuwa imelala topeni, imeota ukijani kama kitu cha mwezi mzima. Nikaifuata kamba yetu upande wa pili, mkebe kwa mkebe, hadi kigingi cha mpaka, pale ulipoikata wewe miaka minne iliyopita. Ilikuwa imeungwa. Nyevu ameiunga kwa kipande cha hando lake, ile nguo ya marinda ya wanawake wa Kigiriama, mafundo matatu, ya kukaza kweli. Kutoka hapo kamba yapita chini ya nyasi hadi dungu la Nyevu, yapanda nguzo ya nyuma, na juu kabisa, mahali panapokaa mguu wa mtu aliyeketi, kuna kitanzi.

Kwa hiyo hivi ndivyo ilivyokuwa, dada, na hili ndilo nililotaka kukuambia tangu mstari wa kwanza nikawa nazunguka kama feri ile. Hukulindiwa shamba na mimi, wala na ndege. Nyevu alivuta kamba yake kwa mikono na yako kwa mguu, tangu mwezi wa saba hadi mavunoni. Sima ile ya mchana ilikuwa sima yake. Soko lilikuwa soko lake. Akiimba alivuta kwa nguvu zaidi kwa sababu ndivyo wafanyavyo watu wanaoimba. Nilifanya hivyo mwenyewe kivukoni miaka mitatu na sikukumbuka. Nimehesabu panzi arobaini na watatu kwenye koo la yangeyange, na sikumwona mwanamke mzima hatua sitini kutoka kwangu. Nilikuahidi mikebe haitanyamaza, na kwa upande wangu ilinyamaza. Nisamehe. Nyevu angekaa kimya siku tatu tu, hata bila kufanya ubaya wowote, shamba lingekuwa lake kwa sheria.

Nilikwenda kwake. Alikuwa akipura mpunga wake, na kidole gumba cha mguu wake wa kulia kimefungwa kitambaa. Nilisimama kama mtoto aliyevunja mtungi. Nikamuuliza alianza lini. Akamwambia mbuzi wake kwamba ilikuwa siku ya tatu, korongo alipokata kamba, naye akaangalia akaniona naelekea ziwani na daftari kichwani, akasema moyoni, huyu atamnyang'anyisha dadake. Nikamuuliza mbona hakuniita. Hapo alinitazama mimi, mara ya kwanza.

“Ningekuitaje? Mimi sisemi na nyumba yenu.”

Nikamuuliza basi kwa nini. Akasema ndege wakimaliza kwenu wanakuja kwangu, ulidhani watalala njaa? Nami sikumkumbusha kwamba siku ya nne kwetu pangekuwa kwake. Alilijua hilo kuliko mimi. Aliendelea kupura. Nilipogeuka kuondoka akaniuliza mguu wako, dada, waendeleaje, nikamwambia sasa wafika mlangoni. Akasema vizuri. Nilipokuwa nimefika mbali kidogo akaniita tena, kwa jina langu hasa, akasema, “Na ungo wangu bado nautaka.”

Nilirudi nyumbani nimekasirika kwa ajili yako, dada, maana najua uliapa kwamba uliurudisha. Nikasema nitaipekua nyumba nzima mbele ya mama ili tumalize neno hili. Nilipekua jikoni, ghalani, uvunguni. Kisha nikapanda darini. Ndani ya mikeka ya marehemu shemeji, ile uliyoikunja mwenyewe baada ya matanga na kusema isiguswe na mtu, ndipo ulipokuwa ungo wa Nyevu, umekunjiwa humo humo. Nadhani siku ile hukuwa ukiona unachokunja. Mama alikuwa chini ya ngazi. Nilimwonyesha. Alitazama pembeni, akasema mwandikie dadako, wewe ndiye ujuaye kuandika.

Basi nimekuandikia. Sikuupeleka kwa Nyevu na sikumwambia kitu. Maneno hayo ni yako, nayo yatakuwa mazuri zaidi yakitoka kinywani mwako. Ukirudi, kabla hujaingia kwetu, panda tuta na magongo yako upitie kwake. Atakuitikia akimtazama mbuzi. Vumilia tu. Ile kamba sikuifungua pale kigingini, wala yeye hakuifungua.

Mpunga wote uko ghalani, umejaa hadi mlangoni, na mbegu mama ameiweka kando. Ziwa laanza kurudi uwanja. Mwari wameondoka, bata wamebaki wachache wanaogombana kuhusu nani aondoke kwanza, na viota vya migunga vimekuwa vitupu. Korongo nilimfungua kitambaa siku ile ile. Alikaa siku nne zaidi, akikoroga kidimbwi ambacho sasa ni tope zaidi ya maji, na asubuhi ya tano akakunjua mabawa yote mawili, akaruka bila shida yoyote kuelekea upande ambao Sora alipeleka ng'ombe wake. Sijui ni tangu lini aliweza. Nilimpungia mkono. Qabale aliniona, lakini kwao hilo si la ajabu.

Nakushukuru kwa daftari, dada. Limebaki kurasa sita. Nimefuta jina la korongo kila mahali nilipoandika habari za mikebe, na kuandika juu yake jina la Nyevu, maana habari zenyewe ni za kweli, ila nilikosea mwenye habari hizo.

Nisalimie wagonjwa wenzako wote, na hao unaowagombeza uwaombe radhi kidogo, ili nao wakukumbuke kwa uzuri. Mama asema usile pilipili. Binti yako asema uje na jino. Nami nasema njoo salama, maji yangalipo ya kutosha mtumbwi.

Ndimi mdogo wako akupendaye na kukushukuru,
Jillo

Nilisahau hali ya ungo. Mchwa wameula, umebaki ukingo tu. Ukipata mpya huko Ngao, ununue.